Tone la Damu na Uamuzi wa Tiba: Vipimo vya Gharama Nafuu kwa Wanaoishi na VVU

Mkazi wa Kizimbani anayeishi na virusi vya UKIMWI hanunui dawa zake. Dawa za kufubaza VVU hutolewa bure nchini kote, Unguja na Pemba zikiwemo, katika kliniki za tiba na matunzo. Hata hivyo kipimo cha damu kina gharama zake ambazo haziandikwi kwenye risiti: nauli ya daladala kwenda mjini na kurudi, siku nzima ya kazi ya shamba iliyopotea, na, kwa walio wengi, hofu ya kuonwa na jamaa au jirani katika foleni ambayo hawapendi waonekane. Kwa upande wa pili, serikali na wafadhili hulipia mashine, vitendanishi, umeme na mtaalamu wa maabara. Kwa hiyo suala la kipimo cha gharama nafuu linamhusu mpangaji wa bajeti kama linavyomhusu mkulima wa karafuu.

Makala haya yanaeleza vipimo vya damu vinavyoongoza tiba ya VVU, historia yake fupi katika Afrika ya Mashariki na Kusini, na namna ya kuvitumia pale ambapo haviwezi kufanywa vyote kwa kila mtu. Hoja yake ni moja: thamani ya kipimo hutokana na uamuzi unaofanyika baada ya jibu kutoka. Kipimo cha bei ya chini ambacho jibu lake halimfikii mgonjwa ni hasara kamili, na kipimo cha bei kubwa kilichomwokoa mtu kwa wakati wake ni nafuu.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Zanzibar walitambuliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 1986, na dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa mwaka 2005. Tangu mwanzo maambukizi katika visiwa hivi yamekuwa madogo, takriban asilimia 1 ya watu wazima au pungufu. Uchache huo ni neema, lakini unaleta mambo mawili magumu. Kwanza, mhudumu wa kituo kidogo huweza kukaa muda mrefu bila ya kumwona mgonjwa mpya wa VVU, hata asiifikirie tena kila anapokutana na homa isiyokwisha au mwili unaopungua. Pili, mashine kubwa ya maabara inayowekwa mahali penye wagonjwa wachache haipati sampuli za kutosha. Vitendanishi hupitwa na muda kabla ya kutumika, na mashine inapoharibika fundi hutoka mbali. Mahali kama hapa panahitaji vipimo vidogo, vya haraka, vinavyoweza kufanywa kwa mgonjwa mmoja aliyefika siku hiyo.

Vipimo viwili, maswali mawili

Swali ninalolisikia mara nyingi kliniki ni hili: "Dokta, CD4 zangu zimefika ngapi?" Ni swali zuri, lakini siku hizi si lile linalotangulia. Yafaa kutofautisha vipimo viwili ambavyo aghalabu huchanganywa.

Kipimo cha CD4 huhesabu aina moja ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo washauri nasaha huziita askari wa mwili. Mtu mzima mwenye afya huwa na zaidi ya seli 500 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. VVU huziharibu seli hizo polepole kwa miaka. Zinaposhuka chini ya 200, milango hufunguka kwa magonjwa nyemelezi: kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu, nimonia na mengineyo. Kwa hiyo CD4 hujibu swali hili: kinga ya mgonjwa imeharibika kiasi gani, na yuko katika hatari gani leo?

Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Chenyewe hujibu swali jingine: je, dawa anazomeza mgonjwa zinafanya kazi? Virusi huanza kupanda kabla ya CD4 kushuka, na CD4 hushuka kabla mtu hajaanza kuumwa. Anayetegemea kuonekana kwa ugonjwa peke yake huchelewa. Anayetegemea CD4 huchelewa kidogo. Anayepima virusi hulitambua tatizo lingali dogo.

Funzo kutoka Entebbe, Kampala na Harare

Dawa hizi zilipoanza kusambazwa Afrika miaka ya 2000, swali zito lilizuka: je, inafaa kuwapa watu dawa mahali pasipokuwa na maabara? Wapo waliosema kuwa tiba bila ya vipimo ni hatari. Wengine walijibu kuwa kuingoja maabara ni kuwaacha watu wafe.

Utafiti uitwao DART ulilichunguza swali hilo. Ulianza mwaka 2003 nchini Uganda na Zimbabwe, ukihusisha watu wazima 3,316 ambao CD4 zao zilikuwa chini ya 200 na walikuwa wanaanza dawa. Wote walichukuliwa damu kila baada ya wiki 12. Tofauti ilikuwa katika majibu. Kwa kundi la kwanza, madaktari walipewa majibu yote. Kwa kundi la pili hawakuonyeshwa CD4 kabisa, na vipimo vya madhara ya dawa walivipata pale tu walipoviomba kwa sababu ya dalili au pale majibu yalipoonyesha hatari kubwa.

Baada ya miaka mitano, asilimia 90 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na asilimia 87 ya kundi la pili. Ili kuielewa hesabu hiyo, ilinganishwe na wagonjwa waliofuatiliwa Entebbe kabla ya dawa kupatikana: baada ya muda kama huo waliobaki hai walikuwa asilimia 8 tu.

Matokeo hayo yana mafunzo matatu. La kwanza, dawa ndiyo inayookoa. Ukosefu wa maabara haukuwa, na haujawa, sababu ya kumnyima mtu tiba. La pili, tofauti ya watu 3 katika kila 100 ni ya watu halisi, na ilianza kuonekana kuanzia mwaka wa tatu wa tiba. Kwa hiyo CD4 ina faida katika kuamua lini mgonjwa abadilishiwe dawa. La tatu, vipimo vya figo, ini na damu vilivyofanywa kwa mazoea kila wiki 12 kwa kila mtu havikuleta faida ya kuonekana, ilhali vilivyofanywa kwa kufuata dalili vilitosha.

Wachumi wa utafiti huo walikokotoa baadaye kuwa kupima CD4 kila wiki 12 kuanzia mwaka wa pili wa tiba kungestahili gharama yake iwapo bei ya kipimo kimoja ingekuwa chini ya dola 4 za Marekani. Hesabu hiyo iliwapa wavumbuzi shabaha ya kulenga.

Miaka iliyofuata mambo yalibadilika upesi. Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango cha CD4 cha kuanzia dawa kutoka 200 hadi 350 mwaka 2010, kisha 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likaagiza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila ya kujali CD4. Mwaka 2013 shirika hilo lilipendekeza wingi wa virusi kuwa kipimo kikuu cha kufuatilia tiba, na mwaka 2014 kampuni ya Roche ilitangaza bei isiyozidi dola 9.40 kwa kipimo kimoja katika nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa. CD4 ikaonekana imekwisha kazi yake, na sehemu nyingi mashine zake zikaachwa bila ya matengenezo. Tutaona hapa chini kwa nini hilo lilikuwa haraka mno.

Umbali kati ya sindano na jibu

Bei ya kitendanishi ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine ni safari. Damu ya CD4 ya maabara kubwa haivumilii kukaa. Kwa kawaida hutakiwa ipimwe ndani ya siku moja au mbili. Sampuli ikitoka kijijini lazima ipate chombo, ifike, ipimwe, jibu lirudi, na mgonjwa naye arudi kulichukua. Kila hatua kati ya hizo ni mahali pa kupotea.

Msumbiji ilionyesha ukubwa wa hasara hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, vituo vya afya vya msingi viliwekewa kimashine kidogo kinachopima CD4 kwa tone la damu ya kidole kwa muda wa dakika 20 hivi. Kabla ya hapo, asilimia 64 ya waliogunduliwa na VVU walipotea kabla ya kuanza dawa. Baada ya hapo waliopotea walikuwa asilimia 33. Dawa zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliondoka kituoni akiwa na jibu lake.

Jambo kama hilo limeonekana katika wingi wa virusi. Mjini Durban, Afrika Kusini, wagonjwa 390 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipimwa virusi hapo hapo kliniki na kuhudumiwa kwa sehemu kubwa na wauguzi, jingine damu ilipelekwa maabara kama kawaida. Baada ya mwaka mmoja, walioendelea na huduma huku virusi vyao vikiwa vimefubazwa walikuwa asilimia 90 katika kundi la kwanza na asilimia 76 katika la pili. Mashine ya aina ya GeneXpert, ambayo vituo vingi vya Tanzania wanaijua kwa kupima kifua kikuu, inaweza pia kupima wingi wa virusi kwa muda usiozidi saa mbili. Kituo chenye mashine hiyo kina sababu ya kuuliza kama inatumika kwa kazi zote mbili.

Pasipo na mashine ipo karatasi. Matone machache ya damu hukaushwa juu ya karatasi maalumu, hufungwa na kusafirishwa bila ya barafu hadi maabara inayopima virusi. Kwa visiwa, ambako sampuli huenda ikavuka bahari, njia hii ina manufaa makubwa. Usahihi wake katika virusi vichache ni mdogo kuliko wa maji ya damu, lakini kwa kutambua waliovuka nakala 1,000 unatosha kuongoza uamuzi.

Anayechelewa kufika

Turudi kwenye CD4. Agizo la kumwanzishia dawa kila mtu liliondoa haja ya kuisubiri CD4 ndipo mtu aanze tiba. Halikuondoa wagonjwa wanaofika wakiwa wamechelewa. Hapa kwetu, ambako kila mtu anamjua kila mtu, wapo wanaoacha kupima kwa miaka kwa kuogopa maneno, na wapo walioacha dawa wakahamia kwa waganga au wakaona wamepona. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa wanaporudi, wengine huonekana wazima wa mwili. Jicho la daktari peke yake haliwezi kuwatambua wote ambao CD4 zao zimeshuka chini ya 200.

Ndiyo maana mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya VVU vilivyofikia hatua ya juu: CD4 chini ya 200, au dalili za hatua ya tatu au ya nne ya ugonjwa, na watoto wenye VVU walio chini ya umri wa miaka mitano, wote huhesabiwa humo. Kundi hili linahitaji zaidi ya vidonge vya VVU.

Ushahidi wa karibu ulitoka Dar es Salaam. Utafiti wa REMSTART, uliochapishwa mwaka 2015, ulifanyika katika kliniki za Dar es Salaam na Lusaka, Zambia, kwa watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa pia alama ya kuvu aina ya kriptokokasi katika damu, waliokutwa nayo wakapewa dawa ya flukonazoli, na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo wakawatembelea kila wiki kwa mwezi wa kwanza wa dawa. Katika mwaka mmoja, waliofariki katika huduma ya kawaida walikuwa asilimia 18. Katika kundi la pili asilimia 13. Vifo vilipungua kwa asilimia 28, na hapakutumika mashine ya anasa: utepe mdogo wa kupimia, dawa ya kuvu iliyozoeleka na mtu wa kubisha hodi.

Lakini ili kumjua nani apimwe kuvu, lazima kwanza ijulikane CD4 yake. Hapo ndipo kilipoingia kipimo cha utepe cha VISITECT, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020. Hakihitaji umeme wala mashine. Damu ya kidole huwekwa juu ya kifaa cha plastiki, na baada ya dakika 40 mhudumu hulinganisha mistari kwa macho: CD4 iko chini ya 200 au juu yake. Bei yake ilitangazwa kuwa chini ya dola 4, ile ile shabaha ya miaka ya DART. Udhaifu wake usifichwe: hakitoi namba kamili, husomwa kwa macho ya mtu, na dakika zake zisipofuatwa barabara jibu huharibika. Anayekitumia afundishwe, na usomaji wake ukaguliwe mara kwa mara.

Kipimo gani, kwa nani, lini

Mhudumu wa afya mwenye uwezo mdogo anaweza kujiuliza swali moja kabla ya kuandika ombi la kipimo: jibu hili litabadilisha nini katika ninachomfanyia mgonjwa huyu? Kwa msingi huo, mpangilio ufuatao unafaa, kwa kuzingatia mwongozo wa taifa unaotumika.

CD4 ipimwe kwa anayeanza tiba, anayerejea baada ya kuacha dawa, na ambaye virusi vyake vimepanda au hali yake imezorota. Kwa aliyetulia katika dawa na virusi vyake vimefubazwa, kuirudia CD4 kila mara hakubadilishi uamuzi. Kipimo hicho apewe anayekihitaji.

Ikiwa CD4 ni chini ya 200, apimwe alama ya kriptokokasi katika damu na kifua kikuu, kikiwemo kipimo cha mkojo. Aulizwe juu ya kuumwa kichwa, kutapika na shingo kukakamaa. Mwenye dalili hizo, au ambaye alama ya kriptokokasi imeonekana, apelekwe rufaa afanyiwe kipimo cha maji ya uti wa mgongo kabla ya kuanzishwa dawa za VVU, kwani kuzianza mapema mno mbele ya homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu huweza kuua. Kotrimoksazoli isisahaulike.

Wingi wa virusi upimwe miezi sita baada ya kuanza dawa, kisha miezi 12, kisha kila mwaka. Wajawazito na wanaonyonyesha kwa karibu zaidi. Jibu likizidi 1,000, hatua ya kwanza ni mazungumzo ya upole juu ya umezaji wa dawa, na kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu ya ushauri. Jibu la juu lililolala katika faili kwa miezi sita ni sawa na kipimo ambacho hakikufanywa. Kila kliniki iwe na daftari la majibu ya juu na mtu mmoja mwenye dhamana ya kuyafuatilia.

Kriatinini ya figo ipewe kipaumbele kwa mwenye presha, kisukari, umri mkubwa au ugonjwa wa figo anayetumia tenofovir. Hemoglobini ipimwe kwa anayetumia zidovudini na kwa anayeonekana amepauka. Hata kadi ya rangi ya kupimia hemoglobini, iliyowahi kujaribiwa kwa watoto wadogo wa Zanzibar, ni bora kuliko kukisia.

Na ukosefu wa kipimo chochote kati ya hivi usimcheleweshe mgonjwa asiye na dalili za hatari kuanza dawa zake.

Kwa anayeishi na VVU

Una haki ya kulijua jibu lako. Unapotolewa damu, uliza mambo matatu: kipimo hiki ni cha nini, jibu litakuwa tayari lini, na nitalipataje ikiwa sitaweza kurudi siku hiyo. Andika namba na tarehe katika kadi yako. Ukihama kutoka shamba kuja mjini, au ukivuka kwenda Pemba au Bara, kadi hiyo itakusemea.

Ukiambiwa virusi havionekani, maana yake dawa zimevilaza. Havijatoka mwilini, na ukiziacha vitaamka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza bayana kwamba mtu anayemeza dawa ipasavyo na ambaye virusi vyake havionekani katika kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Hii ni habari kubwa kwa wanandoa, na ni kipimo cha damu pekee kinachoweza kuithibitisha.

Ukiambiwa virusi vimepanda, usikimbie kliniki kwa kuogopa kukaripiwa. Sema ukweli: nauli ilikosekana, dawa ziliachwa nyumbani wakati wa safari, mume au mke hajui. Daktari asiyeambiwa hayo huenda akabadilisha dawa ambayo ingali nzuri. Wanaofunga Ramadhani wazungumze na kliniki mapema. Dawa inayomezwa mara moja kwa siku inaweza kupangwa usiku, baada ya futari au wakati wa daku, bila ya kukatizwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani, mfadhili mkubwa wa huduma za VVU Tanzania, ilisimamisha misaada yake ya nje kwa muda, na wengi walitambua jinsi huduma hizi zinavyotegemea mikono ya mbali. Fedha zinapopungua, vipimo huwa vya kwanza kukatwa kwa kuwa havionekani kuwa ni tiba. Wapangaji wetu watakapokaa na orodha ya vitu vya kupunguza, waviache mwisho vile ambavyo jibu lake humwokoa mtu wiki hiyo hiyo: utepe wa CD4 kwa aliyechelewa kufika, utepe wa kriptokokasi kwa mwenye CD4 ndogo, na wingi wa virusi mara moja kwa mwaka kwa kila mmoja. Mhudumu naye anaweza kuanza leo bila ya kungoja bajeti: afungue faili za wiki hii, atafute majibu ambayo hayajamfikia mwenyewe, na amwite.